Kikombe kinangojewa: tulioikuta sikukuu hospitalini, tukutane hapa

#1 Mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu. Natumaini mu wazima, na kwa ambao hali si nzuri, poleni sana. Uzi huu ni wenu kwanza.

Nimekuwa msomaji humu kwa miaka mingi, kuchangia ni mara chache. Ila nina jambo limenikaa moyoni tangu Desemba 2012, na kila ukifika mwezi huu linanirudia. Ni refu kidogo, mtanivumilia.

Mwaka ule mzee wangu alianguka kutoka juu ya banda alilokuwa akimwezekea jirani, huko kwetu Sengerema. Mfupa wa paja ukavunjika. Tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Enzi hizo daraja la Kigongo–Busisi halijajengwa, tulivuka kwa kivuko, mzee amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, mimi nimeushikilia mguu wake kwa mikono miwili ili usicheze gari likipita kwenye mashimo. Nilikuwa na miaka 22. Mama alibaki na wadogo zangu, kwa hiyo wa kumuuguza nikawa mimi.

Anayeijua wodi ya mifupa anajua kwamba mgonjwa wa paja haendi popote. Mguu umefungwa kamba, kamba imepita kwenye gurudumu dogo miguuni pa kitanda, na mwisho wa kamba unaning'inia uzito. Kula, kuoga, kujisaidia, yote pale pale. Sisi ndugu tuliotoka mbali usiku tulilala verandani, juu ya mikeka na maboksi yaliyokunjuliwa. Tulikuwa kama watu kumi na watano. Jirani yangu wa mkeka alikuwa mama mmoja kutoka Kigoma, ana mtoto aliyegongwa na pikipiki.

Sasa kuna kitu ambaye hajawahi kuuguza hawezi kukijua. Maisha ya anayeuguza yanashikiliwa na mama ntilie wa getini. Siyo wali maharage tu. Kwake ndiko unakopata maji ya moto ya kumwogesha mgonjwa, ndiko unakonunua uji wa asubuhi, ndiko unakochajia simu, na siku mfuko ukitoboka ndiko unakokopa. Jioni ya tarehe 24 nikamkuta mama ntilie wetu anasugua masufuria mapema. Akaniambia, "Baba, kesho na keshokutwa sipo, nakwenda Magu kwa mama." Hakuwa na kosa lolote, na yeye ana mama. Lakini na wa pembeni yake naye alifunga, na wa tatu, na kiduka cha ng'ambo ya barabara.

Krismasi ile ilikuwa Jumanne. Asubuhi tukasikia kwaya ya kanisa la jirani mpaka wodini. Wagonjwa wenye nafuu walikuwa wameruhusiwa siku mbili nyuma, vitanda vingi vitupu, wamebaki wale tu ambao hawawezi kwenda. Nilikuwa na nusu mkate wa jana yake. Mzee akala vipande viwili, akasema ameshiba. Namjua baba yangu. Hakuwa ameshiba, alikuwa ananiachia.

Mnamo saa tatu akaja mama mmoja. Amejifunga kitenge cha bluu, nyuma yake kijana wa miaka kumi hivi amebeba beseni lenye vikombe vya plastiki. Yeye ameshika chupa mbili kubwa za chai, moja imefungwa uzi mwekundu shingoni. Hakuuliza nani ana njaa. Hakutoa neno la utangulizi. Alipofika kwangu alisema, "Mgonjwa wako anakunywa uji wa sukari au usio na sukari?"

Chupa yenye uzi mwekundu ilikuwa ya wenye kisukari.

Wakuu, nilishindwa kumjibu, machozi yalinitangulia. Haikuwa njaa. Nilikuwa nawaza kwamba usiku wa kuamkia Krismasi, mtu aliyekuwa jikoni kwake na shughuli zake za sikukuu alimfikiria mgonjwa asiyemjua, akafikiri mbele zaidi kwamba huenda mgonjwa huyo ana kisukari, akatafuta uzi akafunga ili asije akakosea.

Nikamuuliza jina. Akasema, "We kunywa baba, kikombe kinangojewa." Na kweli, vikombe havikuzidi kumi na nyuma yangu kulikuwa na watu. Nikanywa, nikarudisha, kijana akakisuuza, akapewa mama wa Kigoma. Nikampelekea mzee wa kwake. Niliporudi verandani wameshahamia wodi nyingine.

Mzee alipona, akatembea na fimbo, Mungu akamchukua 2020. Hadi mwisho kila Desemba aliniuliza, "Yule mama wa uzi mwekundu bado hujampata tu?" Sikumpata.

Nimefungua uzi huu kwa mambo mawili. Kama upo humu mama yangu, au yule kijana ambaye sasa ni mtu mzima, ahsanteni. Na la pili, naomba waliowahi kusaidiwa siku ya sikukuu waseme walisaidiwa nini hasa na kilikuwa kinatakiwa nini hasa, ili sisi tunaotaka kutoa mwezi huu tusitoe kwa kubahatisha. Naomba pia asiwekwe mtu namba ya simu ya kuchangisha humu. Kila mmoja aangalie hospitali na mtaa wake.

#2

Mkuu umenitoa machozi niko kwenye daladala. Nafuatilia.

#4

Ahsante kwa uzi, kaka. Mimi ni muuguzi, miaka kumi na moja kazini, sikukuu nyingi nimezila wodini. Naomba niongeze yafuatayo maana nia njema inaweza kumuumiza mgonjwa.

Ukileta chakula, pita kwanza kwa muuguzi wa zamu. Siyo ukiritimba. Kuna mgonjwa anayesubiri upasuaji, hatakiwi kutia kitu mdomoni, na ukimpa kikombe cha chai upasuaji unaahirishwa. Kuna mgonjwa wa figo ambaye ndizi na machungwa unayomletea kwa upendo yana madini ambayo mwili wake hauwezi kuyatoa. Yule mama wa uzi mwekundu nina hakika aliwahi kulala na mgonjwa, haya hayafundishwi barabarani.

La pili, damu. Watu wanaleta soda katoni kwa katoni, na chumba cha damu kimekauka. Sababu inaeleweka: wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, na Desemba wamefunga shule. Wakati huo huo watu wanasafiri, ajali zinaongezeka, na kina mama wanajifungua kama kawaida, uzazi haujui sikukuu. Damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Chembe nyekundu zinakaa kwenye jokofu wiki tano au sita, chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni siku tano tu. Kwa hiyo damu ya Oktoba haimsaidii mtu wa Krismasi. Kama una miaka 18 hadi 65, una kilo 50 au zaidi na huumwi, nenda kituo cha Damu Salama kabla hujasafiri kwenda kijijini. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Ni nusu saa, na soda unapewa wewe.

#5 Mwanzisha uzi

Dada yangu nesi, Mungu akubariki. Sikuwahi kulifikiria hilo la wanafunzi kufunga shule. Nimekaa na mke wangu tumekubaliana tunakwenda Jumamosi hii wote wawili.

#7

Asalaam aleykum wana jukwaa. Mimi ni mtu wa Tanga, na sikukuu yangu ni nyingine, ila jambo ni lile lile.

Kwetu sisi hili la kumkumbusha mtu atoe kwa wakati limewekewa sheria kabisa. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula cha mji, tuseme kiasi cha kilo mbili na nusu za mchele, kwa kila kichwa ndani ya nyumba. Hata mtoto aliyezaliwa kabla jua la mwisho la Ramadhani halijazama anatolewa yake. Na ni lazima ifike kabla ya swala ya Idd. Ikitoka baada ya swala, kwa hadithi ya Ibn Abbas, inakuwa sadaka kama sadaka nyingine, zaka imekwishakupita. Nilipokuwa mdogo niliona ni ukali usio na maana. Nimekuja kuelewa ukubwani: maskini naye aamke siku ya Idd akiwa na kitu cha kupika, atoke kwake kwenda kuswali kama mwenzake, asitoke kwenda kuomba.

Bibi yangu alikuwa na kibaba cha mti, cheusi kwa kushikwa. Vibaba vinne ndiyo pishi. Alipima ukumbini, na kila pishi alipomaliza aliongeza konzi moja juu, anasema mkono unaweza kupunja bila kujua. Kisha tulitumwa sisi watoto baada ya isha, kwenye giza. Tulikatazwa kabisa kugonga kwa nguvu, na tulikatazwa kusema "bibi amesema tuwape." Tuliambiwa tuseme, "Bibi anaomba mumpokelee." Nilimuuliza kwa nini tuseme hivyo. Akanijibu kwamba zaka ni haki yao iliyokuwa inalala kwetu, na wao kuipokea ndiko kunakotutoa sisi deni. Kwa hiyo anayeomba ni sisi.

#8

Hapo kwa "anaomba mumpokelee" nimesimama kidogo. Wazee wetu walikuwa na adabu ya kutoa. Siku hizi mtu akipeleka kilo mbili za sukari anaongozana na wapiga picha watatu.

#9

Samahani mwanzisha uzi, mimi niko tofauti kidogo na nyinyi. Sipingi kusaidia, ila wengi wanaojazana kwenye misaada ya sikukuu hawana shida, ni mazoea. Mjini hapa kuna watu wana nyumba na wanaomba barabarani. Utajuaje?

#10 Mwanzisha uzi

Swali lako ni la haki, mkuu, wala sikulaumu.

Nikwambie nilivyokuwa nimevaa siku ile. Nilivaa shati jeupe la kanisani, lililofuliwa, na viatu vya ngozi. Kwa nini? Kwa sababu ni Krismasi, na mzee wangu aliniambia asubuhi, "Hata kama hatuendi kanisani, badilisha nguo." Nilikuwa na simu ya tochi mfukoni. Mtu angenitazama kutoka mbali angesema huyu amekuja kuona mgonjwa, yeye mambo yake safi. Mfukoni nilikuwa na nauli ya kivuko ya kurudia tu, na hiyo sikuthubutu kuigusa.

Yule mama hakunipima. Alimimina. Huenda kwenye mstari ule walikuwepo wawili watatu walioshiba. Walikunywa uji. Hasara yake ni kikombe cha uji. Angeanza kutuchuja, mimi wa shati jeupe ningekuwa wa kwanza kuondolewa, na nisingefungua mdomo kujitetea.

Kwa pesa nyingi nakubaliana nawe kabisa, uliza, chunguza. Hospitali za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii, wale ndio wanaojua ni mgonjwa gani hajatembelewa na mtu wiki tatu, nani kesharuhusiwa lakini hana nauli ya kurudi kwao. Mwaka juzi nilimlipia kijana mmoja nauli kwa kupitia wao. Mpaka leo sijui sura yake, na nimeridhika hivyo.

#13

Wakubwa shikamooni. Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto, sitataja ni wapi. Nimesoma uzi wote nikasema leo niseme ambalo huwa nalimeza.

Tarehe 25 mwaka jana tulipata wageni makundi matatu, wote kati ya saa sita na saa tisa. Kila kundi limekuja na pilau lake na soda zake, kila kundi linataka watoto wale mbele yao. Hatukuweza kumkatalia mtu, maana yule yule ndiye unamtegemea. Watoto wakala mara tatu. Wa miaka minne alitapika usiku kucha. Kila kundi likaimbiwa. Lilipoingia la tatu, binti mmoja wa darasa la pili alinivuta gauni akaniuliza, "Mama, tunaimba tena?" Na mgeni mmoja akampa mtoto wa kiume kipaza sauti amweleze wazazi wake walikufaje, huku simu zinarekodi. Nilimnyang'anya kipaza sauti. Sijui kama nilikosa adabu, ila ningerudia tena.

Basi, Januari ikafika. Shule zinafunguliwa. Ni kweli tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada, msingi hadi kidato cha nne. Lakini sare ni yako, viatu ni vyako, madaftari ni yako, na taulo za kike kwa mabinti wanane kila mwezi ni zako. Stoo tulikuwa na biskuti na sabuni za kuogea za kutosha mpaka Aprili. Chumvi hakuna, mafuta ya kupikia hakuna. Nilipiga simu kwa kundi mojawapo la Krismasi kuomba madaftari, wakanijibu kwa upole kwamba bajeti yao ni ya sikukuu.

Ninachoomba ni kidogo. Piga simu kabla hujanunua. Ukiweza, njoo Februari. Ukija, waulize watoto wanasoma darasa la ngapi, wanashabikia timu gani, Simba au Yanga, watakusimulia mpaka uchoke. Mambo ya wazazi wao waache. Na kabla ya kutoa, muulize afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako kama kituo kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Sisi wenye usajili tunafurahi kuulizwa.

#14

Dada wa kituo, sisi ni kikundi cha kina mama wa jumuiya na tulikuwa tumepanga pilau tarehe 25. Nimewasomea bandiko lako kwenye kikao leo jioni. Tumehamisha yote kwenda wiki ya kwanza ya Februari, na tutakwenda na vipimo vya viatu. Kituo chetu kiko mkoa mwingine, ila tumeshawapigia simu.

#16

Nichangie kwa wenzangu Wakristo. Tunaiita tarehe 26 Boksingi Dei na wengi tunaijua kama siku ya kumalizia nyama. Kwenye kalenda ya kanisa ni siku ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza. Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6 muone Stefano aliteuliwa kwa kazi gani. Kulikuwa na manung'uniko kwamba wajane wanaosema Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Wakachaguliwa watu saba wasimamie chakula kifike kwa kila mmoja, na wa kwanza kutajwa ni yeye. Yaani mtu wetu wa tarehe 26 alikuwa mgawa chakula. Na mgao wenyewe ulikuwa wa kila siku, sawa na anachokisema dada wa kituo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wahenga walishamaliza.

#19 Mwanzisha uzi: MREJESHO, 27 Desemba

Wakuu, nimerudi. Ahsanteni nyote.

Niungame kwanza. Mara ya kwanza kupeleka kitu hospitalini ilikuwa 2014, nilipeleka soda na biskuti. Nilikuwa na pesa kidogo nikataka ionekane nyingi. Nilisahau kabisa kilichonisaidia mimi. Ilinichukua miaka miwili zaidi kurudi kwenye uji.

Mwaka huu tulikuwa familia nne. Tukaacha kupika nyumbani na kubeba. Tarehe 20 nikaenda getini nikauliza kina mama ntilie, nani hasafiri? Wanne wanasafiri. Wa tano akasema, "Mimi Mwislamu, Krismasi niende wapi?" Nikamweleza. Tukanunua unga wa ulezi, mchele, mkaa na sukari, yeye akaweka moto saa kumi na moja alfajiri siku zote mbili, na maji ya moto ndoo baada ya ndoo, bure kwa yeyote anayeuguza. Alikataa kuchukua faida. Akasema siku ya Idd mmoja wa wale wanne atamshikia yeye jiko, wameshaelewana.

Muuguzi wa zamu alitupa orodha ya vitanda vya kuruka. Vikombe tulikuwa navyo thelathini. Chupa isiyo na sukari ilifungwa uzi mwekundu na binti yangu wa miaka saba, alifunga mafundo matano akasema ili usifunguke njiani.

Sasa niwasimulie la kitanda cha mwisho dirishani. Mzee wa makamo ya baba yangu, mguu umening'inizwa vile vile. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, unakunywa uji wa sukari au usio na sukari?" Akaitikia marahaba, akanitazama, akasema, "Uji baadaye, mwanangu. Una maji ya moto?" Nikasema yapo. "Na wembe?" Ndevu zilikuwa za wiki tatu, nyeupe, zimeanza kuviringana shingoni. Alikuwa peke yake, mwanawe alirudi kijijini kutafuta pesa. "Leo ni Krismasi," akasema, "siwezi kukaa hivi."

Nikatoka getini. Kiduka kimefungwa. Nikatembea hadi karibu na stendi ndipo nikapata wembe mpya na kipande cha sabuni. Niliporudi alikuwa ameshajiweka tayari, taulo begani, kidevu juu. Sijawahi kumnyoa mtu. Nilikwenda taratibu, shavu la kulia, la kushoto, chini ya pua, na yeye amefumba macho. Mgonjwa wa kitanda cha pili akawa ananielekeza. Nilipomaliza nikampangusa, akaomba simu yangu ajitazame kwenye kamera. Akajipapasa kidevu pande zote mbili, muda mrefu.

Kisha akasema, "Haya. Wa sukari."